Rose Lokonyen: Safari ya mkimbiaji wa Kakuma katika mbio za mita 800

ROSE Nathike Lokonyen ni mwanariadha wa mbio za mita 800 aliyezaliwa kusini mwa Sudan mwaka 1993 na kulelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kaunti ya Turkana. Alishiriki Michezo ya Olimpiki mara mbili, Rio de Janeiro mwaka 2016 na Tokyo mwaka 2021, akiwa katika Timu ya Wakimbizi. Hakushinda nishani. Katika michezo yote miwili hakuvuka raundi ya kwanza, na katika orodha za dunia za mbio hizo jina lake liko chini sana, mahali ambapo macho ya mashabiki hayafiki.

Pamoja na hayo, atakayeandika historia ya riadha ya Turkana hataweza kumruka. Yeye ndiye aliyetangulia mbele ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, bendera mkononi, usiku wa Agosti 5, 2016 katika uwanja wa Maracana. Yaliyoandikwa juu yake na vyombo vya habari vya ng'ambo ni mengi, lakini mengi ya hayo huishia usiku ule wa bendera. Mbio zenyewe hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba ni aibu kuzitazama. Makala hii inazitazama.

Kwanza, neno moja kuhusu jina. Katika orodha za Rio ameandikwa Lokonyen. Katika zile za Tokyo ameandikwa Likonyen. Ni mtu yule yule. Hapa tunatumia tahajia ya kwanza, iliyozoeleka zaidi. Na tukiwa bado kwenye maneno, wapo waandishi wa kigeni wanaopenda kurudia kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipo popote. Hakuna neno kama hilo katika Kiswahili. Kakuma ni jina la Kiturkana, la mji uliokuwapo kabla ya kambi, na wenyeji wake hawajawahi kujiona kuwa wanaishi pasipo popote.

Kambini

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana wa kusini mwa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Ethiopia. Iko takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, makao makuu ya kaunti, kando ya barabara inayoendelea hadi Lokichogio na mpaka wa Sudan Kusini. Ikijumlishwa na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, idadi ya wakazi imepita 200,000, wengi wao kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Lokonyen aliwasili mwaka 2002 pamoja na familia yake, wakikimbia vita. Nchi iitwayo Sudan Kusini haikuwapo wakati huo. Mkataba wa amani ulitiwa saini Januari 2005, uhuru ukaja Julai 9, 2011, na vita vingine vikazuka Desemba 2013. Wazazi wake walirudi nyumbani mwaka 2008 katika kipindi kile cha matumaini. Yeye na wadogo zake walibaki kambini, na kama kifungua mimba akawa mlezi wao. Jambo hili linafaa kukumbukwa tutakapofika kwenye takwimu: msichana aliyekuwa akipanga mgao wa chakula cha nyumba nzima hakuwa na nafasi ya kukimbia mizunguko uwanjani jioni.

Mbio zilimjia kwa bahati. Katika mashindano ya shule ndani ya kambi, mwalimu mmoja alimshauri akimbie kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi yoyote, wala hakuwa na viatu vya mbio. Alikimbia peku, akamaliza wa pili. Ilikuwa takriban mwaka mmoja tu kabla ya Rio.

Anayeijua Turkana atatambua uzito wa kilomita 10 peku. Ardhi ni changarawe na mchanga wa laga, na kandokando ya njia umesambaa mti wa mathenge, ambao mwiba wake hupenya hata soli ya kandambili. Joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa miezi mingi. Mtu akitaka kukimbia, ni alfajiri au jioni. Tena mwinuko ni mdogo. Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Iten, wanakopikwa mabingwa wengi wa Kenya, ni zaidi ya mita 2,300. Hewa nyepesi ya milimani inayoimarisha damu na mapafu ya mkimbiaji haipatikani Turkana.

Hata hivyo, Turkana haikuwa ngeni kwa mita 800. Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale, alitwaa dhahabu ya mbio hizo katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa muda wa 1:43.45, akimpita Mbrazili Joaquim Cruz aliyekuwa bingwa mtetezi. Ereng naye alichelewa: kabla ya mwaka huo alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Lakini yeye alikwisha kupitia shule ya Starehe jijini Nairobi na chuo kikuu nchini Marekani, na kuchelewa kwake kulikuwa kwa mtu aliyekuwa tayari na miaka ya mazoezi miguuni.

Timu iliyoundwa kwa azimio

Ili kuelewa jinsi Lokonyen alivyofika Rio, ni lazima kueleza mlango uliofunguliwa. Kwa kawaida mwanariadha huenda Olimpiki kwa kuteuliwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Mkimbizi hana nchi ya kumteua. Sudan Kusini yenyewe ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, Agosti 2015 tu. Mwaka 2012 mkimbiaji wake wa marathoni, Guor Marial, alilazimika kushindana London chini ya bendera ya Olimpiki.

Oktoba 2015, aliyekuwa rais wa IOC, Thomas Bach, alitangaza katika Umoja wa Mataifa kwamba wakimbizi wenye vipaji wangeruhusiwa kushiriki Rio. Kwa upande wa Kenya, kazi ya kuwatafuta iliangukia wakfu wa Tegla Loroupe, kwa ushirikiano na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi. Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, na baadaye akaweka muda bora zaidi duniani mara mbili: Rotterdam mwaka 1998 na Berlin mwaka 1999. Pia alianzisha mbio za amani kati ya Wapokot, Waturkana na majirani zao waliokuwa wakiibiana mifugo kwa bunduki. Hakuhitaji kufundishwa njia ya kwenda Turkana.

Mchujo ulifanyika Kakuma. Waliochaguliwa walihamishiwa kambi ya mazoezi huko Ngong, nje kidogo ya Nairobi, kwenye baridi na mwinuko ambao wengi wao hawakuwahi kuuonja. Uhamisho huo haukuwa jambo dogo kisheria. Mkimbizi nchini Kenya hutakiwa kuishi kambini na kuomba kibali kila anapotaka kutoka, na bila kibali hicho safari ya Kakuma hadi Nairobi inaweza kukatizwa katika kizuizi chochote cha barabarani.

Juni 3, 2016, IOC ilitangaza majina 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kundi la Ngong: Lokonyen katika mita 800, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro katika mita 1,500, Yiech Pur Biel katika mita 800 za wanaume na James Nyang Chiengjiek katika mita 400. Wengine walikuwa waogeleaji wawili wa Syria, wanajudo wawili wa Congo na mkimbiaji wa marathoni kutoka Ethiopia. Loroupe aliteuliwa kuwa mkuu wa msafara.

Dakika 2 na sekunde 16

Mbio za mchujo za mita 800 wanawake zilifanyika Agosti 17. Lokonyen alimaliza wa saba katika kundi lake kwa muda wa 2:16.64.

Tuuweke muda huo mahali pake. Kiwango cha kufuzu kwa Rio kilikuwa 2:01.50, Lokonyen alikosa kwa zaidi ya sekunde 15. Fainali, iliyofanyika siku tatu baadaye, ilishindwa na Caster Semenya wa Afrika Kusini kwa 1:55.28, huku Margaret Wambui wa Kenya akitwaa shaba. Kwa mwendo wa Lokonyen wa siku ile, Semenya anapogusa utepe yeye angekuwa bado na mita zipatazo 125 za kukimbia. Angekuwa hajaimaliza kona ya mwisho. Katika mashindano ya mikoa ya Kenya wapo wasichana wa sekondari wanaokimbia kasi zaidi.

Wenzake nao hawakuvuka. Lohalith alikimbia 4:47.38, Lokoro 4:03.96, Biel 1:54.67 na Chiengjiek 52.89. Wapo waliouliza, na swali lilikuwa halali, kama uwanja wa Olimpiki ni mahali pa muda kama huo. Jibu la kanuni ni kwamba Olimpiki haijawahi kuwa ya wenye kasi peke yao. Nchi isiyo na mwanariadha aliyefuzu huruhusiwa kuleta mwanamume mmoja na mwanamke mmoja katika riadha, na kila baada ya miaka minne tunaona wakimbiaji wa visiwa vidogo wakimaliza nyuma kabisa bila mtu kuwahoji. Timu ya Wakimbizi ilipewa upendeleo wa aina hiyo hiyo.

Jibu la pili limo katika kalenda. Mkimbiaji wa kati hujengwa kwa miaka. Msichana wa Kenya anayefika Olimpiki ameanza mashindano akiwa shule ya msingi, akapanda ngazi ya kata, kaunti, taifa na mashindano ya dunia ya vijana. Lokonyen alianza akiwa na umri wa miaka 22. Kumpima kwa mizani ya Semenya bila kutaja hilo ni sawa na kulinganisha mavuno ya shamba lililolimwa miaka kumi na la aliyepewa jembe jana.

Baada ya shangwe

Miaka mitano iliyofuata haikupigwa picha nyingi, lakini ndiyo inayoonyesha kama mtu ni mwanariadha au alikuwa mgeni wa siku moja. Agosti 2017 Lokonyen alikuwa mmoja wa wakimbizi watano waliokimbia katika Mashindano ya Dunia jijini London. Huko pia hakuvuka raundi ya kwanza. Alirudi Ngong akaendelea.

Maisha ya Ngong yalikuwa ya mazoezi na masomo, na fedha za kujikimu zilizotokana na ufadhili wa IOC. Hazikuwa za kutajirisha, na kwa mwanariadha wa kiwango chake hakuna nyingine. Mbio za barabarani za Ulaya hulipa wanaomaliza mbele. Anayekimbia mita 800 kwa dakika mbili na robo haitwi na mawakala. Aidha, hati ya kusafiria ya mkimbizi huchukua muda mrefu kupatikana, na viza juu yake huchukua mrefu zaidi.

Si wote waliovumilia. Mei 2019, baada ya mbio za barabarani mjini Geneva, Dominic Lobalu, mwenzao wa timu ya London, hakupanda ndege ya kurudi Kenya. Aliomba hifadhi Uswisi. Mwaka 2024 alitwaa dhahabu ya mita 10,000 katika mashindano ya Ulaya jijini Roma akiiwakilisha Uswisi, na miezi miwili baadaye akamaliza wa nne katika mita 5,000 za Olimpiki ya Paris, akiikosa shaba kwa sekunde 0.14. Paris alikimbilia Timu ya Wakimbizi, kwa kuwa hakuwa na uraia wa Uswisi. Mfano wake unathibitisha kwamba kipaji kilikuwapo Ngong. Kama Lokonyen naye angefika mbali zaidi kwa kukaa Ulaya, hakuna awezaye kusema. Lobalu alikuwa mkimbiaji wa daraja jingine tangu mwanzo.

Machi 2020 korona ilifika Kenya. Kambi ya Ngong ilifungwa, na wanariadha wakarejea Kakuma: kwenye joto, vumbi na mgao wa chakula ambao umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha za wahisani. Tokyo ilikuwa imesogezwa mbele kwa mwaka mmoja. Mwanariadha wa Nairobi au Eldoret alipoteza mashindano katika kipindi hicho. Wa Kakuma alipoteza pia mkufunzi, uwanja na mwinuko.

Tokyo

Wanariadha 29 waliteuliwa katika Timu ya Wakimbizi ya Tokyo, wanne kati yao wakiwa wale wale wa Ngong: Lokonyen, Lohalith, Lokoro na Chiengjiek. Mchujo wa mita 800 wanawake ulifanyika Julai 30, 2021. Lokonyen alikimbia 2:11.87.

Hakuvuka. Lakini alikuwa amejipunguzia sekunde 4.77 tangu Rio, na katika mita 800 hizo ni nyingi. Tukirudia hesabu ile: Athing Mu wa Marekani alishinda fainali kwa 1:55.21, na kwa mwendo mpya wa Lokonyen pengo lingekuwa mita kama 100, si 125. Lokoro alitoka 4:03.96 hadi 3:51.78. Lohalith, ambaye alifika Kakuma akiwa mtoto asiye na wazazi, alipunguza karibu sekunde 16 katika mita 1,500, hadi 4:31.65. Chiengjiek, aliyehamia mita 800, aligongana na wenzake akaanguka, akainuka na kumaliza.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, takwimu hizo ndizo habari kubwa ya timu ile, kuliko gwaride lolote. Zinaonyesha kundi la watu wazima walioanza kuchelewa, wakapata maendeleo ya kweli katika mazingira yaliyowarudisha nyuma, na ambao bado walikuwa mbali na wenye kufuzu. Mambo yote matatu ni kweli kwa pamoja, ingawa magazeti hupenda kuchagua moja.

Mwaka 2022 Lokonyen, pamoja na Lokoro na Chiengjiek, alikwenda Kanada kusoma katika Chuo cha Sheridan, jimbo la Ontario, kupitia mpango wa kuwadhamini wanafunzi wakimbizi. Nafasi za aina hiyo ni chache mno zikilinganishwa na maelfu ya wahitimu wa sekondari wa Kakuma na Dadaab wanaozitamani kila mwaka. Mwaka huo huo Biel alichaguliwa kuwa mjumbe wa IOC, mkimbizi wa kwanza kuketi katika chombo hicho. Hakuna kati yao aliyepata nishani, na sidhani kama nishani ingewapa kikubwa zaidi.

Upande wa Lodwar

Lipo jambo ambalo huzungumzwa zaidi Turkana kwenyewe kuliko Geneva. Msichana wa Kiturkana wa Lodwar au wa mji wa Kakuma, aliyezaliwa ng'ambo ya ua wa kambi, hukimbia kwenye mchanga ule ule na chini ya jua lile lile. Shule yake mara nyingi haina uwanja bora kuliko wa kambini. Lakini yeye ni Mkenya, na Kenya hupeleka wanariadha watatu tu katika kila mbio. Ili afike Olimpiki hana budi kutimiza kiwango cha kufuzu, kisha kuwashinda wasichana wa Nandi, Elgeyo-Marakwet na Kisii katika majaribio ya kitaifa. Muda wa 2:11 hauwezi hata kumpatia nafasi ya kushiriki majaribio hayo.

Halikuwa kosa la Lokonyen. Mlango aliopitia ulifunguliwa kwa ajili ya watu waliofungiwa milango mingine yote, ukiwamo ule wa kusafiri bila kibali. Mturkana wa Lodwar anaweza kupanda basi kwenda Kitale leo jioni akitaka, na akifika Iten hakuna atakayemuuliza karatasi. Hata hivyo, basi lina nauli, na Iten ina kodi ya nyumba. Tangu Ereng mwaka 1988, Turkana haijatoa bingwa mwingine wa Olimpiki, na sababu yake ni umbali na ufukara, si uhaba wa miguu yenye kasi. Wakufunzi waliokuja Kakuma kuwasaka wakimbizi walipita Lodwar, lakini hawakuwa wamefuata vijana wa huko.

Mita 800 za wanawake ziliendelea kuwa mbio za Kakuma. Katika Michezo ya Paris mwaka 2024, timu ilipokuwa imefikia watu 37 na kupata nishani yake ya kwanza kabisa, shaba ya bondia Cindy Ngamba, nafasi aliyokuwa akiishika Lokonyen ilishikwa na Perina Lokure Nakang, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi hiyo hiyo. Naye aliondolewa mapema. Muda wake, hata hivyo, ulikuwa bora kuliko ule wa Tokyo.